Rola la Mtukufu Kandili

Ngwiii-kwa. Ngwiii-kwa.

Sauti hiyo ilitoka nyuma ya kilima kabla kitu chochote hakijaonekana, kavu kama ya fisi aliyekabwa na mfupa, ikateremka mpaka kijiji cha Vichuguuni. Wanawake waliokuwa wakipeta mahindi wakashusha nyungo. Mbwa wakakimbilia uvunguni mwa maghala. Mtu mmoja akatema mate pembeni, akasema, "Haya, wanakuja tena kutuonyesha."

Ndipo tela likachomoza. Mbele yake trekta lililofuka moshi, nyuma yake rola la waya wa umeme, gurudumu la mbao lililoipita nyumba kwa urefu, limezungushiwa waya mnene mweusi mpaka limevimba kama chatu aliyemeza mbuzi. Na kwenye ubavu wa rola, wa kulia na wa kushoto ili upande wowote usionewe, ulichorwa uso wa Mtukufu Kandili ya Taifa, akitabasamu.

Nchi yenyewe haitajwi jina hapa, kwa heshima na kwa sababu nyingine. Itoshe kusema ni nchi njema, yenye serikali inayowapenda watu wake kiasi kwamba haiwaachi peke yao hata wanapokwenda chooni. Serikali hiyo ilikuwa na Wizara ya Mianga na Matarajio, na wizara ilikuwa na tela hilo moja, na tela lilikuwa na dereva mmoja, Mwarami, mzaliwa wa Vichuguuni.

Mwarami alikuwa akilivuta rola hilo wilaya hadi wilaya tangu ndevu zake zilipokuwa vinyweleo. Wilaya zote ziliuona waya. Hakuna iliyougusa.

Si kwamba wizara ilikuwa mbaya. Kosa lilifanyika siku ya uzinduzi, tena kwa mapenzi. Mchoraji alichora uso wa Mtukufu kwenye rola, watu wakashangilia, kwaya ikaimba, kisha mhandisi akaamuru rola lizungushwe ili waya uanze kushuka. Lilipozunguka kidogo tu, Mtukufu akalalia sikio. Kwaya ikanyamaza katikati ya neno. Mhandisi, mtu aliyesoma mno na kuona kidogo, akasema, "Endeleeni, zungusheni!" Hawakuendelea. Wote waliokuwapo walikuwa wameona mbele kuna nini: robo ya mzunguko zaidi, na Kandili ya Taifa ingekuwa kichwa chini.

Mhandisi alihamishiwa mahali pasipo na magurudumu. Jioni hiyo hiyo ikapitishwa Sheria ya Wima, isemayo kwamba uso wa Mtukufu hautageuzwa, hautalazwa wala hautazungushwa kwa sababu yoyote, iwe ya kiufundi au ya kijinga. Kufuta picha kulifikiriwa pia, lakini hakupatikana mtu wa kushika kitambaa.

Basi waya ukabaki umekunjwa, na taifa likawa linapelekewa umeme kuutazama.

*

Kulinda wima huo, tela lilipewa afisa. Aliitwa Bwana Fungameza, cheo chake Afisa Wima, mtu mwembamba mwenye shingo ndefu iliyozoea kugeuka nyuma. Alikaa juu ya tela, mkononi ana timazi, uzi wenye risasi chini kama ule wa mwashi. Alikuwa akiuning'iniza kwenye paji la uso wa Mtukufu. Ukipita katikati ya pua na kugusa kidevu, nchi ilikuwa salama. Ukipita pembeni, mtu alikuwa matatani.

Bwana Fungameza alishuku kila kitu. Alimshuku mbuzi aliyepita bila kuinua kichwa. Alilishuku wingu lililotia kivuli kwenye jicho moja la Mtukufu na kuliacha jingine. Mwarami alipotaka kuipaka ekseli grisi, alimzuia.

"Ya nini grisi?"

"Linapiga kelele, Afande. Chuma kinasagika."

"Na likinyamaza, litakuwa linafikiri nini?" Fungameza alimkodolea. "Chombo kisicho na sauti kina siri. Acha lilie, tujue lilipo."

Ndiyo maana tela lilikuwa likilia.

Na ndiyo maana wanawake wa Vichuguuni, waliokuwa na muda mrefu wa kulisikia kabla ya kuliona, walikuwa na nafasi ya kutunga. Tela lilipoingia uwanjani siku hiyo waliinua nyungo, wakaimba kwa nyuso za heshima tupu:

*Tela laja likilia, waya umejikunyata,*
*Mwaka jana lilipita, mwaka huu linapita,*
*Na mwakani tutangoja, giza letu tukipeta.*

"Wimbo wa nini huo?" Fungameza alimuuliza mwenyekiti wa kijiji, Mzee Chambuso, aliyekuwa ameshavaa koti.

"Wa kukaribisha, mheshimiwa."

"Mbona unataja giza?"

"Wanaliaga, mheshimiwa."

Fungameza akauzungusha wimbo ule kichwani, hakupata pa kuukamata. Akapanda juu ya tela, akahutubia.

"Wananchi! Umeme umefika! Mnauona huu hapa, umejikunja kwa adabu mbele yenu. Nchi nyingine huuning'iniza umeme wao juu ya miti kama kanga zilizofuliwa. Sisi wetu tunautembeza! Tazameni, lakini msiguse. Furahini, lakini kwa mpango!"

"Ndani yake kuna waya kweli," sauti ya kike ikauliza kutoka katikati ya watu, "au mmezungushia kamba za mkonge mkapaka lami?"

"Nani amesema hayo?"

Watu wote wakatazama nyungo zao.

*

Mwarami hakuwa uwanjani kusikia. Alikuwa nyumba ya mwisho, chini kabisa ya kilima, amesimama mbele ya mlango uliofungwa kwa ndani.

Mlango huo ulikuwa wa mama yake, Bi Sijaona. Tela lilipopita Vichuguuni mara ya kwanza, Mwarami, akiwa na furaha ya ajira mpya, alimwambia mama yake kwa sauti ya kusikiwa na majirani: "Mama, waya huo. Ninauvuta mwenyewe." Bi Sijaona akauza ng'ombe wake, akanunua mashine ya kusaga ya umeme, ili wanawake wa Vichuguuni waache kutembea na mahindi kichwani mpaka ng'ambo ya mto. Mashine ikafika. Ikafunikwa nailoni. Mtetea akaona mdomo wa kumwagia mahindi una umbo jema, akatagia humo. Vifaranga wake wakawa wakubwa, nao wakatagia humo. Ikawa tela likipita, wanawake wanampokea Bi Sijaona kisimani kwa kumuuliza, "Bi mkubwa, leo unatusagia unga au mayai?"

Siku Mwarami aliporudi mara ya pili na waya ule ule kwenye rola lile lile, mama yake alimwambia neno moja, kisha akatia komeo: "Waya ukishuka, nawe utaingia." Tangu hapo mtoto huyo, kila akifika kwao, amekuwa akilala kwenye tela, chini ya kidevu cha Mtukufu.

"Hodi, mama."

"Nani?"

"Mimi, Mwarami."

"Mwarami yupi? Wangu au wa serikali?"

"Wako, mama. Shikamoo."

"Marahaba ya kwenye ufa. Waya umeshuka?"

"Bado."

"Basi na mlango bado."

Mwarami akaegemeza paji lake la uso kwenye mbao. Ndani alisikia nailoni ikichakacha na kuku akilalamika. "Mama, si mimi. Ni sheria."

"Niliyemzaa mimi ni nani, wewe au sheria?" Bi Sijaona akasogea mpaka kwenye ufa. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mwanangu, watu wanasema rola hilo ni tupu. Wanasema wewe unajua, na unakula kwa kutojua. Sijui nisemeje kisimani. Mimi sijaona waya. Nimeona mbao na meno ya mtu."

Maneno hayo yalimchoma kuliko komeo. Kutukanwa na nchi nzima alikuwa amekuzoea. Kushukiwa na mama, hapana.

Akageuka aondoke, na hapo akakiona kichuguu. Kilikuwa pale pale pembeni ya ua wa mama yake, kikubwa, kigumu, chenye mbonyeo katikati. Mbonyeo huo aliujua. Yeye na wenziwe, walipokuwa wadogo, walikuwa wakipandisha matairi mabovu mpaka juu ya kilima, wakayaachia yashuke kwa njia ya ng'ombe. Tairi lolote, liwe la baiskeli au la lori, liachiwe na nani au lipigwe teke vipi, lilifuata korongo la njia ile, likakatiza nyuma ya mibono, likaja kugota kichuguu cha Bi Sijaona. Alikuwa amechapwa sana kwa ajili ya matairi hayo.

Akainua macho. Juu ya kilima, pale tela litakapopita likienda wilaya nyingine, zilisimama nguzo za chuma za umeme mkubwa, ule uendao kwenye nyumba ya mapumziko ya Mtukufu, ambako hakuna aliyewahi kupumzika.

Akarudi mlangoni.

"Mama, leo mchana usitoke nje. Na kuku wafungie."

"Kwa nini?"

"Wafungie tu."

"Asiyeshusha waya sasa ananipangia kuku! Kuna nini?"

"Hamna kitu, mama."

"Kila jambo kubwa la nchi hii lilianza na 'hamna kitu'," akasema Bi Sijaona. Lakini Mwarami alisikia mabawa yakipigapiga, na vifaranga wakiitwa ndani.

*

Kupanda kilima na rola lile kulikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo ulitokana na timazi. Trekta likiinamia mlima, tela nalo huinama, na Mtukufu huanza kulalia nyuma kama mtu anayesinzia mkutanoni. Sheria ya Wima hairuhusu Mtukufu asinzie. Kwa hiyo ilikuwa desturi, kila kwenye mwinuko, tela lisimame, mnyororo unaolikaba rola ulegezwe, rola lisukumwe kidogo mpaka uzi upite tena katikati ya pua, kisha mnyororo ukazwe. Huko hakukuitwa kuzungusha. Kuliitwa kumrudisha Mtukufu kwenye msimamo wake.

Kabla ya kulegeza mnyororo, Mwarami alikuwa siku zote akitia kabari: kipande kinene cha mti chini ya rola, kulizuia lisirudi nyuma. Hakuna aliyewahi kumwagiza. Alifanya kwa akili yake, na kwa kuwa ilikuwa akili tu na si amri, haikuwa imeandikwa popote.

Karibu na kilele, chini ya nguzo ya chuma, Fungameza akapiga bati kwa ngumi. "Simama! Mtukufu anaegemea!"

Mwarami akasimamisha trekta. Akashuka taratibu. Akaangalia nyuma ya tela: mdomo wa kupakilia ulikuwa wazi, na ncha ya nje ya waya ilikuwa imefungwa kwenye pete ya chuma ya tela, kama ifungwavyo siku zote ili isipepee. Akatazama njia ya ng'ombe. Ilikuwa tupu, maana kijiji kizima kilikuwa bado uwanjani kwa amri ya kufurahi kwa mpango.

"Unangoja nini?" Fungameza alikuwa ameshaning'iniza uzi. Risasi ilikuwa ikigusa sikio. "Legeza mnyororo!"

"Mnyororo tu, Afande?"

Fungameza akamtazama kwa jicho la pembeni. Swali lolote kwake lilikuwa na mguu mmoja kwenye uasi. "Kwani nimesema nini?"

"Umesema mnyororo."

"Basi fanya nilichosema, usiongeze wala usipunguze! Nyinyi madereva mna tabia ya kuongeza."

"Sawa, Afande," akasema Mwarami, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake hakuongeza kitu. Kabari ikabaki chini ya kiti. Akapiga honi mara moja, ndefu. Kisha akalegeza mnyororo.

Rola likatulia kidogo, kama kiongozi anayetafuta neno la kwanza la hotuba. Halafu likaondoka.

Lilishuka kwenye mdomo wa tela kwa heshima, likagusa ardhi, likajitikisa, likashika njia ya ng'ombe. Waya ukaanza kufunguka nyuma yake, mweusi, mnene, wa kweli. Na Mtukufu Kandili ya Taifa, pande zote mbili, akazunguka: akatazama mbingu, akatazama nyuma, akatazama ardhi, akatazama mbele, kisha kwa kasi zaidi, mpaka hakuna jicho lililoweza kusema ni wakati gani alikuwa wima na wakati gani hakuwa. Tabasamu lake likageuka duara jeupe.

"Mtukufu!" Fungameza akapiga yowe, uzi mkononi. "Simama! Kwa amri! Simama!"

Rola halikutii. Lilifuata korongo, likakatiza nyuma ya mibono, likaingia ua wa Bi Sijaona, na likagota kichuguu. Pu!

Vumbi lilipotua, Bi Sijaona alifungua mlango. Akatazama rola. Akainama, akashika waya kwa mikono yake, akaubinya, akaunusa, akaufuata kwa macho hatua kwa hatua mpaka juu ya kilima ambako mtoto wake alikuwa amesimama kama kijiti.

"Ni waya," akasema.

*

Watu wote walikuja, na hakuna aliyethubutu kusogea, maana rola lilikuwa limesimama sawasawa, halikuegemea huku wala huku, na Mtukufu alikuwa kichwa chini kabisa. Kidevu juu, kofia chini. Fungameza alifika akihema, akaning'iniza timazi. Uzi ukatoka kidevuni, ukapita katikati ya pua, ukagusa paji.

"Yuko wima," akanong'ona, "lakini kwa chini."

Mzee Chambuso akapendekeza waligeuze. Fungameza akamrukia. "Kumgeuza? Mara ya pili? Wewe umetumwa na nani?" Akakimbilia redio yake ya upepo, akaita makao makuu. Kule walijadiliana mpaka vivuli vikarefuka, kisha jibu likaja, nalo likasomwa kwa sauti mbele ya umma:

"Mtukufu hawezi kuwa kichwa chini. Chunguzeni msimamo wa wananchi."

Kijiji kikachunguzwa. Ikaonekana ni kweli: wananchi wote walikuwa wamesimama vibaya. Wakaamriwa wageuke, wainame, wamtazame Mtukufu kati ya miguu yao, ambapo ataonekana kama apasavyo. Wakageuka. Wakainama. Kijiji kizima cha Vichuguuni, wanaume kwa wanawake, kikamwelekezea Mtukufu Kandili makalio yake kwa mujibu wa sheria. Fungameza akapita akiwakagua, naye ameinama, akishuku sana, maana aliwasikia wakiguna na hakuweza kuthibitisha kama ni kicheko au ni damu iliyojaa kichwani.

Mwarami alishtakiwa. Tume ikaja kutoka mji mkuu, ikaweka meza uani.

"Je, rola lilizunguka?" akauliza mwenyekiti wa tume.

"Waheshimiwa," akajibu Mwarami, "nikisema lilizunguka, nitakuwa nimesema Mtukufu alikuwaje?"

Wajumbe wakatazamana, kila mmoja akimshuku mwenzake kwamba ameshamwona Mtukufu kichwani mwake akiwa vibaya.

"Basi halikuzunguka," akasema mwenyekiti haraka. "Lilifikaje hapa?"

"Lilishuka."

"Naam! Mtukufu alishuka kwa wananchi. Iandikwe ziara."

Mjumbe mmoja, mgeni katika kazi, akauliza kwa nini waya usikunjwe tena kwenye rola, maana wilaya nyingine zinasubiri kuutazama. Akaulizwa yeye angeukunjaje bila kumzungusha Mtukufu, tena kinyumenyume. Akaomba maji ya kunywa. Hivyo sheria iliyokataza waya ushuke ndiyo iliyokataza upande, na waya ukabaki Vichuguuni, ukiwa umelala kutoka chini ya nguzo ya chuma mpaka kwenye kichuguu. Mwarami akapandishwa cheo, kwa kuwa dereva aliyefanikisha ziara hawezi kuachwa chini. Akakabidhiwa kazi ya nguzo za mbao za kuunyanyua waya huo kutoka ardhini. Nguzo zilikuwa tayari, isipokuwa kila moja ilikuwa imechorwa Mtukufu kwa urefu wake, na sasa wizara inatafuta tela la kuzibeba zikiwa zimesimama, maana hakuna awezaye kumlaza.

*

Tume ilipoondoka, Mwarami alienda mlangoni. Ulikuwa wazi. Mama yake alikuwa ameshatoa mayai kwenye mdomo wa mashine, ameikunja nailoni, anaifuta vumbi kwa kanga yake.

"Ingia," akasema bila kugeuka. "Ulisema waya, na waya nimeuona. Uliniambia nifungie kuku, nao wako salama. Kaa ule."

"Haujawaka, mama. Hawajaunga kule juu. Nguzo nazo..."

"Nimesikia. Kula."

Alipokuwa akila, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu chini ya paa lile, Bi Sijaona alitoka kwenda uani. Bwana Fungameza alikuwa huko, ameachwa kumlinda Mtukufu mpaka litakapotolewa agizo jingine. Alikuwa amekaa juu ya kinu kilichofudikizwa, uzi mapajani.

"Afande," akasema Bi Sijaona, "wizara yako ingependa uso huu ukae upande gani?"

Fungameza akatazama kushoto, akatazama kulia. "Ungekuwa... kama ulivyokuwa. Lakini hakuna mtumishi anayeruhusiwa kuugusa."

"Mimi si mtumishi. Na ardhi hii ni yangu."

Afisa alilipima neno hilo kutoka kila upande, likawa limenyooka kama timazi, na ndilo lililomtisha.

Bi Sijaona akamgeuzia Mtukufu mgongo kama sheria inavyotaka. Akakaza kanga kiunoni, akainama, akapitisha kichwa kati ya miguu yake, akamtazama machoni uso kwa uso. Ndani ya nyumba Mwarami aliacha kutafuna. Majirani walisogea kwenye nyua zao, wakatega masikio. Na Bi Sijaona, damu imemjaa kichwani, akasema kwa sauti iliyofika kileleni:

"Mtukufu, nakuahidi mbele ya afisa wako na mbele ya mwanangu: siku mashine yangu itakapozunguka na kumwaga unga, nitakuja hapa na mikono yangu hii miwili, nikusimamishe wima. Kabla ya siku hiyo, wallahi, utakaa hivyo hivyo."